Shabiki wa Koboko Atangaziwe Mapema
Kutoka Koboko hadi Arua ni zaidi ya kilomita 50, na shabiki wa klabu ya soka ya Onduparaka hulipa nauli kwanza, kisha ndipo afikirie kiingilio. Klabu ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, uwanja wake wa Green Light mjini Arua uliwapa watu wa eneo la West Nile fahari kubwa. Ndiyo maana kushuka daraja mwaka 2023 kuliwauma mno. Lakini kufungwa nyumbani shabiki huvumilia, hata kwa penalti ya dakika za mwisho. Kinachomvunja moyo ni kufika langoni alasiri, jezi ya kijani mwilini, akaambiwa mechi imeahirishwa. Wasimamizi wa soka, tangazeni mabadiliko redioni mapema, kabla gari halijaondoka Koboko.