Nyaya Nyembamba Nazo Ziingie Katika Ramani

Nyumba mpya zinazidi kujengwa Shangani, hapa mjini Mtwara, na si mara moja tumewaona mafundi wakichimba kwa tindo ukuta ambao lipu yake haijakauka. Kinachotafutwa ni njia ya waya wa dishi au wa spika, mambo ambayo mwenye nyumba aliyakumbuka siku alipoingiza televisheni sebuleni. Sisi tunasema kwamba hasara hii haina sababu.

Nyumba za zamani zina udhuru. Televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, na aliyejenga kabla ya hapo hakuwa na la kulipangia. Anayejenga leo anajua fika kwamba atahitaji king'amuzi, spika, na pengine waya wa intaneti. Lakini ramani yake huonyesha taa na soketi tu.

Wako watakaosema kuwa hilo ni jambo la anasa. Sivyo. Fundi asiye na njia nyingine huupitisha waya wa dishi katika bomba lile lile lenye nyaya za volti 230. Siku ganda litakapochubuka, umeme utasafiri hadi kwenye dishi, kwenye mlingoti wake wa chuma, na kwenye mkono wa mtoto aushikao. Hata isipotokea ajali, spika huvuma usiku kucha. Aina hizi mbili za nyaya zipewe njia mbalimbali, zikiachana kiasi cha sentimita 30 zinapokwenda sambamba. Na kama hapana budi zikutane, basi zipishane kwa umbo la msalaba. Mlingoti nao uungwe na ardhi, kwani mvua zetu za Desemba hadi Aprili huja na radi.

Ndugu zetu wa visiwani na wa mlango wa Mto Ruvuma, ambao wengi wao hutumia jua na betri ya volti 12, wasidhani kuwa maneno haya hayawahusu. Volti 12 haimrushi mtu, ni kweli. Lakini nyaya za betri zikigusana huwaka moto, na juu yake yapo makuti. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Tena, umeme huu mdogo hupotea upesi njiani: waya wa milimita za mraba 1.5, ukipitisha ampea 5 hadi kwenye televisheni iliyo mita 10 mbali, hupoteza zaidi ya volti moja, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wote. Waya wa milimita 4 hupoteza chini ya nusu volti. Kwa hiyo betri ikae karibu na sebule, na waya uwe mnene. Wauzaji wana waya rahisi wa alumini uliopakwa shaba juu juu. Katika upepo wetu wa chumvi maungio yake huliwa upesi.

Dawa yenyewe ni ndogo mno. Kabla ya lipu, lilazwe bomba tupu kutoka darini hadi nyuma ya mahali pa televisheni, na jingine hadi pembe za spika, kila moja likiwa na kamba ndani ya kuvutia waya baadaye.

Tunaiomba Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani iyadai mabomba hayo katika kila ramani inayoletwa kuidhinishwa, na Wakala wa Majengo Tanzania uyaweke katika nyumba za watumishi wa Serikali. Mafundi wenye leseni ya EWURA wakabidhiwe kazi hii pamoja na ile ya soketi, isiachiwe kijana aliyekuja kufunga dishi. Mwaka wa fedha huanza Julai. Michoro irekebishwe kabla ya hapo.