Tuwafundishe Wagonjwa Kuanguka

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika neno moja katika mafaili ya wagonjwa wangu wa mifupa: mazoezi. Mtu amekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, naandika mazoezi. Mama amevunjika nyonga, naandika mazoezi, kisha namwita anayefuata. Mwaka huu, nikiwa na umri wa miaka 46, nilianza kujifunza kuendesha baiskeli ya gurudumu moja, nikatambua kwamba nilikuwa nikiandika nisichokijua.

Jirani yangu hapa Buzuruga ni kijana wa sarakasi. Sanaa hiyo ina mizizi nchini: katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi ikaenea hadi mitaani na kwenye viwanja vya shule. Jioni moja nilimtania kijana huyo kwamba chombo chake ni nusu ya baiskeli. Akanijibu kwa adabu, "Dokta, panda basi tuone."

Chombo hicho hakina usukani wala breki, na pedali zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linasimama nawe unaendelea na safari peke yako. Kwa majuma mawili sikuuachia ukuta wa uani. Nilitazama chini kwenye tairi, magoti yamekakamaa, uzito wote nimeuweka miguuni badala ya kuuacha ukalie kiti. Watoto wa uchochoroni walihesabu kwa sauti kila nilipoanguka. Nami ndiye niliyewafundisha wanafunzi kwamba mwili husimama kwa ushirikiano wa macho, sikio la ndani, na hisia za misuli na viungo, huku ubongo mdogo ukisahihisha makosa kila nukta! Kulijua jambo hilo hakukunisaidia hata hatua moja.

Kilichonisaidia ni somo lake la kwanza, ambalo nililiona la kupoteza muda. Kabla ya kuniruhusu kwenda mbele, aliniamuru nipande kisha nishuke, gurudumu likibaki nyuma, nitue kwa miguu miwili. Alinirudisha mara thelathini. Mtu asiyefundishwa hunyoosha mkono anapoanguka, na kifundo cha mkono hulipa gharama. Daktari Abraham Colles wa Ireland aliueleza mvunjiko wa aina hiyo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, na hadi leo tunaufunga plasta karibu kila juma.

Sasa nimkumbuke mzee mmoja wa upande wa Kisesa. Tulimpa magongo, akafundishwa kutembea sakafu ya hospitali iliyo sawa, akaruhusiwa. Nyumbani alianguka usiku akienda chooni, akakaa chini hadi alfajiri kwa sababu hakujua ainukeje. Tangu siku hiyo magongo yakaegemezwa mlangoni. Aliporudi kliniki nikaandika kwamba hafuati maelekezo. Baadaye, nikiwa tayari na michubuko yangu mwenyewe, nilimwuliza kama aliwahi kuonyeshwa namna ya kuinuka. Alicheka. "Daktari, mlinionyesha kutembea. Kuanguka nilijifunza mwenyewe."

Maoni yangu ni kwamba mgonjwa yeyote wa magongo au mguu bandia asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kushuka sakafuni na kuinuka kwa kutumia kiti au kitanda. Najua foleni zetu. Lakini somo hilo ni la dakika chache, na kumrudisha mtu chumba cha upasuaji ni la saa kadhaa. Wenzangu wasinielewe vibaya: mama mwenye mifupa dhaifu hafanyi mazoezi ya kuanguka, hufundishwa kuinuka tu, taratibu, mtaalamu wa fiziotherapia akiwa pembeni. Wala simshauri msomaji apande gurudumu moja. Akishindwa kujizuia, avae kofia ngumu.

Kwa wagonjwa na ndugu zao nina neno. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha katika jarida la Nature kwamba watu wazima waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu walionyesha mabadiliko katika ubongo, na mabadiliko hayo yalipungua walipoacha. Kwa hiyo ya nyumbani, kidogo kila siku, ndiyo yanayojenga. Ila aibu ni kizuizi kikubwa kuliko maumivu. Mimi niliyechekwa na watoto nalijua hilo. Ndugu, mnapomwona anayumba msimkimbilie na kumnyang'anya gongo. Simameni karibu, na wachekaji waondoeni uani.

Mzee wa Kisesa alirudi mwezi uliopita. Alinikabidhi magongo yake, akashika kiti, akashuka hadi sakafuni, akainuka bila mkono wa mtu. Kisha akaniuliza kama mimi nami nimeshafika dukani kwa gurudumu langu. Bado. Naishia kwenye nguzo ya umeme.