PICHA YA EKSIREI IPIMWE, ISISIFIWE TU

Kila hospitali ipatapo mashine mpya ya eksirei ya dijitali, wananchi hushangilia, na ni haki yao. Fedha iliyoinunua ni jasho la mkulima na mfanyakazi. Lakini liko swali ambalo husahauliwa utepe ukishakatwa: je, picha za mashine hiyo zimepimwa, au zimetazamwa tu na kusifiwa?

Katika zama za filamu, kosa lilijionyesha lenyewe. Mionzi ikizidi, filamu ilitoka nyeusi; ikipungua, ilitoka nyeupe. Mashine ya dijitali haina mshitaki huyo. Kompyuta husawazisha weusi na weupe, hata picha iliyopigwa kwa mionzi kupita kiasi ikatoka safi na kupendeza. Tena, mionzi ikiongezwa mara 4, chengachenga katika picha hupungua kwa nusu. Hapo ndipo penye mtego: mtumishi apendaye picha safi huongeza mionzi kidogo leo, kidogo kesho, na mgonjwa hulipa kwa mwili wake pasipo kujua. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo ubora wa picha hauna budi kupimwa pamoja na mionzi iliyotumika, na njia zipo. Ukali wa picha hupimwa kwa kibao chenye mistari ya risasi iliyosongamana. Uwezo wa kuonyesha vitu hafifu, mfano wa doa dogo katika pafu, hupimwa kwa bamba lenye vishimo vya upana na kina mbalimbali. Na tangu mwaka 2003 upo utaratibu wa kimataifa wa kupima ni sehemu gani ya habari iliyobebwa na mionzi hufika katika picha. Mashine ihifadhiyo asilimia 60 huhitaji nusu tu ya mionzi itakiwayo na mashine ya asilimia 30, kwa picha ya ubora ule ule. Muuzaji adaiwe namba hiyo kabla ya kulipwa.

Mwaka huo huo wa 2003 nchi yetu ilitunga sheria iliyounda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye dhamana ya kusimamia matumizi ya mionzi. Lakini Tume haiwezi kukesha katika kila chumba cha eksirei. Sisi twasema: mashine ipimwe siku ipokelewapo, ipimwe tena kwa ratiba, na matokeo yaandikwe katika daftari. Wanachama waliomo katika kamati za afya wasitosheke kuuliza kama mashine inafanya kazi. Waulize ilipimwa lini, na kipimo kilisema nini.

Fundi seremala hutumia futi, na mwenye duka hutumia mizani. Haifai mashine ambayo daktari huitegemea kuokoa maisha ya watu ipimwe kwa macho tu.