Ukipigwa kalamu, usifute hiyo meseji

Wewe kijana wa Migosi unayeuza dukani au kuhudumu hotelini hapa Kisumu, bosi akikuandikia WhatsApp "kesho usikuje", huo si mwisho wa mambo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayekutimua kwa utovu wa nidhamu akueleze sababu kwa lugha unayoelewa, mwenzako wa kazini akiwepo ukitaka, kisha akusikilize kabla hajaamua.

Wengi wetu husema, "Nikishindwa nitakata rufaa." Sawa, lakini rufaa si kesi mpya. Majaji wa Mahakama ya Rufaa kwa kawaida hawaiti mashahidi tena. Wanasoma rekodi ya korti ya chini na kupima kama uamuzi ulifuata sheria na ushahidi. Usichotoa kule chini, huku juu hakionekani. Ndiyo maana ile meseji ya "usikuje" ni mali. Iweke, pamoja na barua na hati za mshahara.

Una miaka 3 ya kushtaki, na fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12. Lakini ukishindwa katika Mahakama ya Ajira, una siku 14 pekee kuwasilisha notisi ya rufaa. Notisi yenyewe ni karatasi fupi tu, ila nani alikuambia? Mwajiri ana wakili wa kumkumbusha. Wewe huna hata mshahara. Kwangu mimi, karani angepaswa kukutamkia hizo siku 14 siku ileile ya hukumu.