Unene wa Sauti Haupakuliwi

Pita studio ndogo za Katesh, Haydom, Dongobesh au Mbulu mjini, kaa na prodyuza hata nusu saa, utalisikia lalamiko lile lile: sauti yetu nyembamba. Na sababu anayo tayari mdomoni. Kinanda kilichomo ndani ya kompyuta yake ni cha zamani, cha zamani hakina unene, dawa ni kupakua kipya. Asipokipata anawaambia wanakwaya waende Arusha, huko ndiko kwenye sauti nene. Wanakwaya wanamwamini. Wanachangishana, wengine wanauza mahindi kabla bei haijapanda, wanapanda basi la Katesh kupitia Babati, safari ya zaidi ya kilomita 200, ili wakapigiwe vinanda kwenye programu ile ile ya FL Studio waliyoiacha nyumbani.

Imani hiyo si kweli. Inakula fedha za watu wasio nazo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba vijana wenye masikio mazuri wanaishia kuamini kipaji chao kimefungiwa ndani ya programu wasiyoimiliki.

Kuipima hakuhitaji hata shilingi. Tafuta mtu mwenye Serum, kinanda cha programu kilichotoka mwaka 2014 na kinachotamaniwa sana. Mwombe achague mlio unaokusisimua kuliko yote, kisha azime efekti zote zilizomo: korasi, dilei, distosheni, rivabu. Zile nakala za mlio zinazolia kwa pamoja, ambazo Serum inaruhusu hadi 16, azipunguze ibaki moja. Sasa sikiliza kilichobaki. Ni mlio mkavu, mwembamba kama waya, ndugu wa damu wa ule wa 3xOsc, kinanda ambacho kimekuwa kikija pamoja na FL Studio kwa zaidi ya miaka 20 na ambacho prodyuza wetu hakigusi kwa sababu anakiona cha watoto. Kilichokusisimua hakikuwa upya wa kinanda. Ni efekti ambazo mtu mwingine alikaa akazipanga, akakufungia pamoja na mlio.

Vinanda vya zamani havikuja na mpangilio huo, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kampuni ya Steinberg ilipofungua mlango wa vinanda vya programu ndani ya programu yake ya Cubase mwaka 1999, kompyuta za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo kuliko simu aliyonayo leo mwendesha bodaboda wa Basotu. Mwandishi wa kinanda alilazimika kubana: noti chache kwa wakati mmoja, efekti moja mbili au hakuna kabisa. Unene aliuacha uwe kazi ya mtumiaji. Sisi tumeichukua kazi tuliyoachiwa tukaiita ugonjwa.

Tena kazi hiyo haikuanza na kompyuta. Organi ya Hammond ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1935, Don Leslie aliiona sauti yake imelala. Hakuitupa, aliiundia spika inayozunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiiuza. Mwaka 1982 Roland walitoa Juno-6 na Juno-60, vinanda vyenye osileta moja tu, yaani chanzo kimoja cha mlio, kwa kila noti, wakaviwekea vitufe vya korasi, na mpaka leo watu wanavipenda vinanda hivyo kwa ajili ya vitufe vile. Kwetu je? Ganuni ya taarabu ya Unguja ina nyuzi tatu kwa kila noti. Ilimba ya Wagogo, majirani zetu wa Dodoma, ile aliyoizungusha duniani hayati Hukwe Zawose, ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wake. Fundi wa ilimba anajua chuma kitupu hakitoshi. Hakitupi chuma, anakitafutia utando.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi umo makanisani mwetu. Efekti ya korasi imepewa jina la kwaya, na haikupewa bure. Msimamishe mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza aimbe peke yake, kisha waongeze wenzake wanane. Hawaleti ukubwa wa sauti tu. Hakuna wawili wanaoingia sekunde ile ile kamili, wala wanaoshika noti bila tofauti hata ya unywele. Mmoja yuko juu kidogo, mwingine kachelewa kidogo, na sikio linazipokea tofauti hizo kama upana. Korasi ya kompyuta inafanya vivyo hivyo: inanakili mlio, inaichelewesha nakala hiyo kwa milisekunde kama 20, inaipandisha na kuishusha kidogo kidogo, kisha inairudisha ilie pamoja na mlio wa kwanza. Prodyuza aliyelelewa kwenye kwaya ya Dongobesh amekuwa akifundishwa unene kila Jumapili tangu utotoni.

Masika iliyopita nilikaa na kijana mmoja wa huko. Laptopu yake ina RAM ya gigabaiti 4, na umeme ukikatika anategemea sola. Alikuwa akihangaika kupakua Omnisphere 2, kinanda kinachodai zaidi ya gigabaiti 60 za nafasi, wakati diski yake ilikuwa imebakiza 11. Nilimwomba tuanze na 3xOsc. Osileta zote tatu tukazipa wimbi la msumeno. Ya kwanza tukaiacha palepale, ya pili tukaipandisha senti 7, ya tatu tukaishusha senti 7. Senti 100 ndizo zinazofanya nusu toni, kwa hiyo ni tofauti ndogo mno, ile ile ya wanakwaya. Hapo tu aligeuka akanitazama. Tukaongeza distosheni ya Fruity Fast Dist kwa kiasi cha kuukwaruza mlio bila kusikika kwamba umekwaruzwa, tukapunguza matope ya chini kwa ekwalaiza ili kumwachia nafasi mpiga besi, tukaweka korasi, na mwisho kabisa rivabu fupi. Mpangilio huo una maana. Distosheni ikikaa nyuma ya rivabu inaukwaruza mwangwi wenyewe, na wimbo wote unaingia ukungu.

Kwenye hedifoni tulifurahi. Tukaupiga kwenye simu yake, mlio ukanywea.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye kulaumu kinanda, kwa hiyo nitapaeleza taratibu. Simu ya spika moja inajumlisha upande wa kushoto na wa kulia kuwa kitu kimoja. Nakala za mlio zilizokuwa zikipishana pande mbili zinakutana, na pale moja inapopanda huku nyingine inashuka, zinafutana. Wasikilizaji wetu wa Hanang na Mbulu hawakai katikati ya spika mbili za studio. Wanasikiliza kwa simu, kwa redio ndogo malishoni, kwa spika ya pembe juu ya paa la kanisa, kwa sabufa ya duka la mnadani. Unene uliotengenezwa kwa kutanua pande mbili peke yake haufiki kwao.

Tukarudi nyuma. Mlio usio na korasi tukauweka katikati kwenye chaneli yake, na korasi tukaipeleka chaneli ya pili, chini kidogo ya ule wa kwanza. Distosheni tukaiongeza badala ya kuipunguza, maana yenyewe haitegemei pande mbili. Inazaa hamoniki mpya ndani ya mlio. Kwenye besi hamoniki hizo ndizo mkombozi. Spika ya simu haiwezi kutoa hertz 60, lakini ikitoa 120, 180 na 240, sikio lenyewe linaijaza ile iliyokosekana, na msikilizaji anaapa kwamba besi ameisikia. Tuliujaribu tena kwenye simu ile ile, mlio ukasimama. Hatukupakua chochote.

Nakubali kuna kasoro ambazo efekti haziponyi. Baadhi ya vinanda vya zamani, ukizipiga noti za juu kabisa, hutoa milio ya pembeni isiyo na uhusiano na noti, na korasi inaizidisha. Hapo shusha oktava, au tumia kinanda kingine cha zamani cha bure, kama Synth1 cha Mjapani Ichiro Toda. Na si kila muziki unadai unene: singeli ya Mburahati, Dar es Salaam, iliyokusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, imefika majukwaa ya Ulaya kwa milio mikali, myembamba, inayokimbia. Kwetu pia unene una mpaka wake. Kiiraqw kina konsonanti za kooni ambazo maana ya neno inazitegemea, na nimesikia nyimbo nyingi za injili ambamo vinanda vipana na mwangwi wa kanisa kuu vimezimeza kabisa. Bibi aliyekaa benchi la mbele anapaswa kulisikia neno.

Ninaambiwa pia kwamba wateja wanataka sauti ya Dar es Salaam au ya Lagos, na sauti hiyo imo kwenye vinanda vipya. Imo, ndiyo, katika milio iliyopangwa tayari, ile ile anayoibonyeza kila aliyeipakua. Ndiyo maana kwaya za wilaya nne tofauti zinatoka na utangulizi mmoja wa kinanda, utadhani zimeazimana. Na wengi hawavinunui. Vinatembea kwenye fleshi, vimevunjwa kufuli, vimebeba virusi. Nimeshuhudia albamu nzima ya kwaya, miezi ya mazoezi ya jioni baada ya kazi za shamba, ikifutika kwa sababu ya fleshi moja ya namna hiyo, na mwalimu wa kwaya amesimama mlangoni akiuliza kama hakuna namna ya kuirudisha. Hakukuwa na namna.

Kwa hiyo ninyi viongozi wa kwaya, kabla ya kukusanya nauli ya Arusha, kaeni na prodyuza wenu wa hapa jioni moja. Mwambieni afungue kinanda cha zamani alicho nacho, awapigie mlio mtupu, kisha aongeze efekti moja baada ya nyingine huku mkisikiliza kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Asipoweza, nauli ya mtu mmoja tu inatosha: aende na laptopu yake kukaa wiki moja na fundi anayejua, arudi afanye kazi hapa.