Tabuleti Ianze kwa Mwalimu

Parokia ikifanya harambee ya kuinunulia shule tabuleti za kujifunzia Kiingereza, sote hupiga makofi. Mimi nauliza: zitashikwa na nani?

Kisumu ilishatupa jibu. Watafiti walijaribu njia tatu katika madarasa ya chini ya msingi: vifaa kwa wanafunzi, kwa walimu, na kwa maafisa wanaowatembelea walimu darasani. Zote zilisaidia watoto kusoma wala hazikupishana sana, ila ya maafisa ilikuwa nafuu zaidi. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015, ukaifuata nchini kote.

Mtoto wetu amezoea irabu tano zisizobadilika. "A" ya "cat" na ya "cake" humchanganya, na "ship" na "sheep" kwake ni neno moja. Hapo sauti iliyorekodiwa ina kazi kweli, hasa mwalimu mwenyewe akiwa na shaka na matamshi. Lakini simu moja na spika ndogo vinatosha darasa zima: watoto wasikilize, waitikie pamoja, kisha mmoja mmoja, mwalimu akisahihisha. Ndivyo kwaya zetu zinavyojifunza nyimbo za Misa, tena bila kioo. Mtoto aliyeinamia tabuleti yake peke yake, nani atamsikia akikosea?

Basi ndugu mwanaparokia, kabla ya kuchangia tabuleti arobaini, ulizia umeme, kabati lenye kufuli, na vitabu. Tusome iligawa kitabu kimoja kwa kila mtoto. Mwalimu apewe chombo na mafunzo mwaka huu. Vya watoto tuvijadili baadaye.