Gofu kwa watoto wa maskini: adabu peke yake haitoshi

Kumfundisha gofu mtoto wa mtaa maskini huonekana kwa wengi kama kumnunulia tai mtu asiye na shati. Fimbo ni ghali, viwanja vimezungushiwa ua, na wanaocheza wanajulikana ni akina nani. Hata hivyo, Marekani wamelishughulikia jambo hili kwa miongo kadhaa. Mpango wa First Tee, ulioanzishwa mwaka 1997, humfundisha mtoto kupiga mpira na papo hapo kumlea katika uaminifu, heshima, uvumilivu na uwajibikaji. Naiunga mkono mipango ya namna hii, ila si kwa hoja inayotolewa kila siku kwamba gofu hujenga tabia. Inajenga, nakubali. Lakini kinachobadili maisha ya kijana ni kile kilichofungamanishwa na gofu: shule, ujira, ada ya chuo. Visipokuwepo hivyo, tunamfunza adabu za nyumba ambayo hatafunguliwa mlango.

Tuanze na hiyo tabia, kwa sababu hapo gofu ina jambo lake la pekee. Kwenye soka yupo refa, na mchezaji huzoea mapema kwamba kosa ambalo refa hakuliona si kosa. Kwenye gofu hakuna wa kumpulizia filimbi kila akosapo. Katika mashindano ya mikwaju, vijana hubadilishana kadi kabla ya kuanza, kila mmoja akaandika hesabu ya mwenzake. Mpira wa binti wa miaka 12 ukiingia kwenye majani marefu, mwenzake akiwa upande wa pili anatafuta wa kwake, ni binti peke yake anayejua kama amepiga mara mbili au tatu kuutoa. Wakimaliza shimo ataulizwa: “Umepata ngapi?” Swali hilo litarudi mashimo yote 18, kisha watakaa chini, wasome kadi shimo kwa shimo na kutia saini. Akisaini hesabu pungufu huku akijua, anaondolewa mashindanoni. Mchezaji Bobby Jones, katika mashindano ya gofu ya US Open ya mwaka 1925, alijitoza mkwaju mmoja kwa sababu mpira wake ulitikisika kidogo nyasini, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Alimaliza akiwa sare na Willie Macfarlane, akashindwa katika mchezo wa marudiano. Mazoezi ya kusema kweli inapokugharimu hayapatikani kwa kukariri orodha ya maadili ukutani.

Jones alijifunzia gofu East Lake, mjini Atlanta, na historia ya mahali hapo ndiyo inayonifanya niweke sharti. Klabu hiyo ilikuwa na viwanja viwili. Cha pili kiliuzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikajengwa hapo nyumba za umma 650 za watu wa kipato cha chini. Mtaa huo ukaja kuwa miongoni mwa mitaa yenye uhalifu mkubwa zaidi mjini humo. Kwa miaka mingi familia zile ziliishi jirani kabisa na mchezo unaosifiwa kwa kulea tabia, na ujirani huo haukuwasaidia chochote. Mabadiliko yalikuja pale mfanyabiashara Tom Cousins alipoinunua klabu mwaka 1993, na wakfu ulioanzishwa mwaka 1995 ukaelekeza fedha za gofu kwenye makazi na elimu. Shule ya Drew ilifunguliwa mwaka 2000, na watoto wake wakapata gofu pamoja na hesabu na kusoma. Mwaka 2019 timu ya wavulana ya shule hiyo ilitwaa ubingwa wa gofu wa jimbo la Georgia katika daraja lake.

Wapo watakaosema hadithi hiyo ina upande wa pili, na ni kweli. Nyumba 650 zilibomolewa zikajengwa 542, nusu yake tu zikiwa za wenye kipato cha chini, na wakazi wengi wa awali hawakurudi. Mradi unaomhamisha maskini kisha ukajisifu kwamba mtaa umetulia unastahili kuulizwa maswali magumu. Wengine watakumbusha kwamba hadi mwaka 1961 chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, PGA, kilikuwa na kifungu kilichowazuia watu weusi. Na wengine watauliza, kwa nini tusitumie soka, ambayo mpira mmoja unawatosha watoto 22? Soka iendelee, tena ipewe viwanja zaidi. Lakini soka haimkutanishi kijana kwa saa nne mfululizo na mwenye kiwanda, hakimu au daktari, wakitembea na kuzungumza. Watu hao na fedha zao wako kwenye gofu. Milango hiyo ilifungwa kwa makusudi, na sioni kwa nini isifunguliwe kwa makusudi vilevile.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Chick Evans, aliyekuwa kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo, kabla ya kushinda US Open na ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1916. Alitenga fedha za kuwasomesha makedi, na mwaka 1930 vijana wawili wa kwanza wakaingia Chuo Kikuu cha Northwestern. Leo waliohitimu kwa ufadhili huo wamezidi 11,000. Kijana hupimwa kwa masomo, uhitaji, mwenendo na kazi yake ya ukedi. Akipata, hulipiwa ada na malazi. Hapo uaminifu una mahali pa kumpeleka.

Kwetu makedi tunao. Kenya, Uganda na Tanzania, wachezaji wengi wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mikoba, na asubuhi yoyote vijana hufika klabuni mapema wakisubiri kuitwa. Kanuni za mchezo wanazijua kuliko baadhi ya wanachama. Kila klabu itenge sehemu ya viingilio vya mashindano yake kwa ada ya sekondari, ya ufundi au ya chuo, itangaze vigezo vyake, na ibandike majina ya waliolipiwa kila mwaka pale pale makedi wanaposubiria zamu.